Nani Alimuoa Nani

Kamati ya msiba ilinipa mimi kazi ya kusoma wasifu wa marehemu, kwa kuwa ni dada yake, na kwa kuwa, walisema, sauti yangu haitetereki ovyo. Kaka Elia alikuwa amelala ndani ya jeneza chini ya turubai, mbele ya nyumba ileile ya Gongo la Mboto ambamo niliishi mwaka mmoja nikiwa msichana wa kurudia mtihani wa kidato cha nne. Nilisoma vizuri mahali alipozaliwa, nikasoma shule zake, nikasoma ukarani alioufanya kule Kipawa. Nikafika kwenye mstari ambao shangazi yetu, aliyekuwa kazeeka lakini hajaacha kuamrisha, alisimamia uandikwe kama alivyousema: "Marehemu alimuoa Dorcas na akamjengea nyumba hii." Hapo sauti ikagoma. Mama mmoja wa kwaya akaniletea maji, watu wakanung'unika pole dada, pole sana, wakidhani ni uchungu. Uchungu ulikuwepo, lakini haukuwa ndio ulionikaba pale mbele za watu. Ilikuwa aibu, tena aibu ya zamani, na ilianzia kwenye kitenzi kimoja cha Kiingereza ambacho kila aliyepita darasani anadhani anakijua.

Dorcas ndiye mke wa kaka, wifi yangu. Mwaka ule alikuwa mwalimu wa Kiingereza. Asubuhi alifundisha shule ya serikali, jioni na Jumamosi alifundisha tuisheni sebuleni kwake. Nasema kwake, na mambo yote yanaanzia kwenye neno hilo. Nyumba aliijenga yeye, chumba baada ya chumba, kabla hajamfahamu kaka. Walipofunga ndoa ilikuwa ahamie Kinondoni alikopanga kaka, lakini ofisi ya kaka ikafungwa, kodi ikamshinda, na badala ya mke kuhamia kwa mume, mume akaja Gongo la Mboto na sanduku moja na redio. Mjini hapa mwanamume akihamia kwa mkewe watu wana neno lao: kaolewa. Hawakwambii usoni. Wanakusalimia kwa heshima zote, ukishapita ndipo wanacheka. Mimi nilifika miezi michache baada ya sanduku hilo, nikapewa chumba kilichopakana na chao, na kwa kuwa nyumba haikuwa na dari, kuta ziliishia chini ya mabati na maneno yalivuka juu kama hayana mwenyewe.

Sebule ile naikumbuka kuliko chumba chochote nilichowahi kulala. Saa ya tuisheni ikifika tulisukuma makochi hadi ukutani, tukaingiza mabenchi ya kuazima kanisani, na wifi akaegesha juu ya meza ya chakula kipande cha plaiwudi kilichopakwa rangi nyeusi. Chaki ziliwekwa kwenye bakuli la sukari lililovunjika mfuniko. Palikuwa na harufu ya jasho la shule, vumbi la chaki na dagaa waliokuwa wakichemka jikoni, maana mimi ndiye niliyekuwa nikikimbia kuangalia sufuria katikati ya somo. Kaka alikuwa na kiti chake, kimoja tu, chenye mikono ya mbao, na hata hicho siku za wanafunzi wengi kilikaliwa. Yeye alijiweka chumbani nyuma ya pazia la maua, akifungulia redio chinichini. Chakula alikula sisi tukishamaliza na mabenchi yakishatoka. Wifi alimwekea sahani yake ikiwa imefunikwa, ugali ukiwa bado na mvuke, tembele pembeni, na alikaa karibu naye wakati anakula hata kama ana madaftari ya kusahihisha. Kaka alimmenyea karanga, akawa anazisogeza upande wake wa meza bila kusema kitu. Sitaki mtu anayesoma hapa adhani hawakupendana. Kaka mwenyewe aliwahi kuniambia kwamba alichompendea yule mwanamke ni Kiingereza chake, jinsi alivyokisema bila kukunja mdomo kama hao wa kujidai.

Darasani wifi aliitwa Madam. Alikuwa na desturi yake: akiandika sentensi ubaoni, anarudi nyuma hatua, anaitazama kama aliyeandika ni mtu mwingine, kisha anauliza, "Correct or not correct?" Sisi tunapaza, "Correct, Madam!" au tunabisha. Kubisha aliruhusu, uvivu hakuruhusu. Wanafunzi wengi walikuwa vijana wa shule, lakini wawili watatu walikuwa watu wazima kama Afande Kitwana, askari wa kambi ya pale Gongo la Mboto, baba wa watoto, aliyetaka cheti ili apandishwe cheo. Afande alikuwa na sauti ya gwarideni na moyo wa utani. Alikaa benchi la mbele kwa sababu miguu yake haikuingia kwingine.

Jumamosi moja likaja neno marry. Madam aliandika John married Mary, tukasema correct. Akaandika Mary married John, na sebule nzima ikacheka. Afande akanyoosha mkono huku tayari anaongea. "Madam, hapo umeteleza. Mwanamke anaolewa bwana. Mary kamuoaje John, kwani kapeleka yeye mahari?" Madam akacheka pia, akasema hilo ndilo kosa letu sote tunalobeba kutoka kwenye Kiswahili. Kiswahili kina mlango wa mume na mlango wa mke, huyu anaoa, yule anaolewa. Kiingereza kina mlango mmoja, wote wawili wanapita hapohapo. Akatuonya tusiandike married with, ni married to. Kisha akatuonya zaidi: "Na mkimwandika Mary was married by John, mjue mmeharibu kabisa. Anayekaa baada ya by hapo ni mchungaji au shehe, yule aliyefungisha ndoa. John atakuwa amewafungisha watu, hajapata mke." Tukacheka tena, tukaandika. Lakini Afande hakuridhika. Akasema hao akina John na Mary ni watu wa kitabuni, hawana ukoo, atupe mfano wa watu wenye ukoo. Na Madam, kwa furaha tu ya somo kukolea, akageuka akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa kulala: I married Elia. Akarudi nyuma hatua. "Correct or not correct?"

Tulipaza "Correct, Madam!" kwa nguvu ambayo nadhani ilisikika hadi barabarani, na Afande akaongezea kwa Kiswahili, akipiga paja, "Kwa hiyo braza Elia ndiye kaolewa! Somo limeeleweka!" Nyuma ya pazia redio ikazimwa. Wifi aliisikia ikizimika, niliona bega lake likishtuka. Akafuta ubao haraka, akahamia kwenye vivumishi, lakini hakuna aliyeshika kivumishi hata kimoja. Mimi niliinamia daftari, uso unawaka. Sikuwa na hasira na Afande, wala na wifi. Nilimwonea kaka haya kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa ugali niliokuwa nakwenda kuusonga baada ya somo ulikuwa wa unga wa mkewe.

Utani wenyewe haukuwa mbaya. Afande aliusimulia kijiweni kwa wacheza drafti kama kisa cha darasani, na wao wakauchukua wakaufanyia kazi yao. Kaka alizoea kwenda pale jioni. Safari hii walimsogezea kiti kwa adabu ya kupita kiasi, mmoja akasema, "Mpisheni mwali akae," mwingine akauliza kama mume wake amemruhusu kutoka. Kaka alicheza mchezo mmoja, akarudi, hakwenda tena. Akawa anashinda chumbani. Alianza kukataa kula sebuleni hata mabenchi yakiwa yametoka. Nilimpelekea sahani chumbani, akawa anapokea bila kuniangalia. Dukani, muuza duka alinipa chumvi akaniuliza kwa upole kabisa, "Na kaka yako hajambo, yule aliyeolewa?" Nilicheka. Sikujua kitu kingine cha kufanya na uso wangu.

Asubuhi moja kabla ya chai niliwasikia, juu ya ukuta. Kaka alikuwa anaongea taratibu, na hilo ndilo lililonitisha. "Waite haohao, ubao uleule. Andika sentensi kama mke wa mtu anavyosema. I was married by Elia. Basi."

"Baba, hiyo si sahihi. Siku ileile niliwaambia si sahihi."

"Mie Kiingereza nakijua, Dorcas. Sikwambii sijui."

"Sasa niandike uongo? Wale wanakwenda kwenye mtihani."

"Na mie nakwenda wapi?" Kaka akaongeza. "Ungekuwa unaishi kwangu, hilo neno lako ningecheka na mimi. Unadhani nisingecheka?"

Nilisikia kijiko cha wifi kikigonga ukingo wa kikombe, kikigonga tu, bila kukoroga. Kaka akasema kama haiwezekani, atafunga sanduku lake arudi kwetu Singida, na kwamba ameshampigia shangazi. Nikajua ni kweli, kwa sababu kaka hakuwahi kumpigia shangazi kwa jambo la masihara.

Shangazi alifika na kuku wa kienyeji kwenye kikapu, miguu imefungwa kwa kitambaa. Jumapili baada ya ibada tulikula wali na kuku huyo, mezani, makochi yakiwa mahali pake na ubao umefichwa nyuma ya mlango. Wifi alipakua mwenyewe. Firigisi alimwekea kaka, kama inavyotakiwa, juu ya wali ambapo kila mtu angeiona. Shangazi akaitazama firigisi, akamtazama wifi. "Firigisi unampa," akasema, "jina lake unamnyang'anya."

"Shangazi, sikumnyang'anya. Lilikuwa somo."

"Ulisema nini kwenye hilo somo?"

"Nilisema tulioana."

Kaka akacheka bila furaha. "Tulioana ni maneno ya kwenye kadi. Watu wanaoa na wanaolewa."

Shangazi hakujua Kiingereza, na hakukionea aibu hata chembe. Akanigeukia mimi. "Wewe unayesomeshwa. Hicho alichoandika, kwa Kiingereza, ni kosa au si kosa?" Wote wakaacha kula. Wifi hakunitazama, alikuwa anaokota punje za wali zilizodondoka kwenye kitambaa cha meza, moja moja. Kaka alinitazama. Niliona kwamba nikisema si kosa, ndugu yangu anafunga sanduku. Nikisema ni kosa, nimemwita mwongo mwalimu wangu mezani kwake, mdomoni nikiwa na wali wake. Nikasema sentensi za namna hiyo bado hatujazifikia. Shangazi akasonya, akasema basi pesa ya tuisheni inapotea bure, na wifi, Mungu anisamehe, akatabasamu kidogo, kama mwalimu aliyesikia jibu alilolitegemea.

Shangazi alikaa hadi Jumamosi iliyofuata ili ashuhudie. Alikaa kwenye kiti cha kaka, kile chenye mikono, kanga imekunjwa magotini. Kaka alisimama mlangoni, pazia limesogezwa, mara ya kwanza kumwona saa ya somo. Wanafunzi walijua kuna jambo; hata Afande alikuwa ameacha utani wake nje. Madam aliandika I was married by Elia. Mwandiko haukuwa ule wa kulala, herufi zilisimama kama za mtoto. Hakurudi nyuma hatua. Alisema, akiangalia chaki, "Ile sentensi ya siku ile ilikuwa na kosa. Sahihi ni hii. Andikeni." Na akauliza, kwa mazoea nadhani, kwa kuwa mdomo ulishazoea kuuliza: "Correct or not correct?"

Hakuna aliyejibu. Tulikuwa na madaftari yetu, na kurasa chache nyuma katika kila daftari palikuwa na maneno yake mwenyewe, kwamba baada ya by ni mchungaji. Kwa mbali nilisikia mtu anapiga honi ya bajaji. Kisha Afande Kitwana, na hadi leo naamini aliuliza kwa nia njema kabisa, mtu mzima aliyeogopa kufeli, akanyoosha mkono. "Samahani Madam. Kwani braza Elia ni mchungaji?"

Vijana wa nyuma walijaribu kuzuia, wakashindwa. Kicheko kilianza puani mwao kikaenea benchi hadi benchi, na waliokuwa wanacheka zaidi ndio waliokuwa wamefunika nyuso. Afande mwenyewe akageuka kuwaambia wanyamaze, ikawa ndiyo kuwachochea. Shangazi akauliza wanacheka nini, nani kasema nini, na hakuna aliyemtafsiria. Nilimtazama kaka. Alikuwa amepata alichokitaka, kimeandikwa ubaoni kwa chaki, na kila mtu sebuleni alijua kwamba mkewe amelazimishwa kusema uongo kwa ajili yake. Hakuonekana mwenye hasira tena. Alionekana kama mtu aliyevuliwa shati sokoni. Madam akamjibu Afande, "Leo ni mchungaji. Andikeni." Tukaandika. Kaka akarudisha pazia polepole, kama anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Hakuondoka. Hilo ndilo wifi alilolinunua siku ile, na sijawahi kumsikia akisema alipunjwa. Lakini tuisheni ilikufa. Wanafunzi wakapungua, mwalimu anayefuta sahihi akaandika kosa hawezi kushika darasa, na yeye alijua hilo kuliko wao. Afande alikuja siku moja na mkate na siagi kuomba radhi. Wifi alimpokea vizuri, akamwambia hana kosa lolote, aliuliza swali zuri. Mabenchi yakarudi kanisani. Plaiwudi ikawa mlango wa banda la kuku, upande mweusi ndani. Shuleni aliomba apewe somo la uraia. Na ndani ya nyumba ile Kiingereza kikaisha, hata neno moja la kusindikizia utani. Mwezi wa mwisho wa kukaa kwangu kaka alipata fununu ya kazi kwenye stoo moja Kipawa, akawa anaandika barua ya maombi pale mezani. Akamuuliza mkewe, kwa sauti ya kubembeleza niliyokuwa sijaisikia kwake, "Hapa inakuwa apply to au apply for?" Wifi alikuwa anachambua mchele. "Sijui, mume wangu," akasema. Hakusema kwa ukali. Kaka alikaa ameshika kalamu muda mrefu, halafu akaandika alichoweza. Kazi aliipata. Sijui aliandika ipi.

Waliishi pamoja miaka yote hiyo iliyobaki, na nikija kutembea niliwakuta wamekaa mezani, karanga zikisogezwa upande ule. Mimi nilifaulu, nikawa na maisha yangu. Mtaani watu wa kijiwe walihama, wengine wakafa, hakuna aliyekumbuka mwali. Ni mimi niliyekumbuka, na nadhani wao wawili.

Basi pale chini ya turubai nilikunywa maji ya yule mama wa kwaya, nikatazama mstari wa shangazi. Wifi alikuwa kiti cha mbele, kanga kichwani, mikono magotini. Nyumba aliyoijenga ilikuwa nyuma yake, imepakwa rangi mpya kwa ajili ya msiba. Akanitazama, akatikisa kichwa kidogo kuelekea kwenye karatasi: soma. Nikasoma kama ilivyoandikwa, alimuoa, akamjengea, na watu wakaitikia kwa mguno wa heshima. Shangazi akaridhika.

Baada ya mazishi tulikaa sebuleni kwenye magodoro, wanawake wa kwetu upande wa dirishani, wa kwao upande wa jikoni, shangazi katikati kwenye kiti cha kaka. Niliketi karibu na wifi kumpa chai. Aliipokea, akaipuliza, akainama karibu na sikio langu.

"I married Elia," akasema. Matamshi yalikuwa yaleyale, hayakuota kutu. Akajiegemeza nyuma kidogo, kama aliyerudi nyuma hatua kutazama ubao. "Correct or not correct?"

Shangazi aligeuza shingo kutuangalia, mkono sikioni.

"Correct, Madam," nikasema, lakini kwa kunong'ona, ili shangazi asisikie.